Upana wa Sanduku la Dresa

"Mguu upo?"

Hivyo ndivyo alivyosalimia kwetu. Alisimama chini ya dirisha letu pale Kibokoni, mguu mmoja chini na mwingine juu ya pedeli, akainua uso na kuuliza. Mama akamjibu kutoka ghorofani, "Upo, Dresa. Haujakwenda popote." Ndipo alipoegemeza baiskeli ukutani, akafungua kamba za sanduku lake na kupanda ngazi.

Walilifanya mzaha, wote wawili, lakini swali lenyewe halikuwa mzaha. Mama alikuwa na kidonda cha kisukari katika unyayo wa kulia. Hospitali walikuwa wamempa wiki sita: kama nyama haitakuwa imeanza kufunga, mguu utakatwa juu ya kifundo. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi nyumbani, akanituma nimwite Dresa.

Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, ambalo ni jina la kazi. Miaka mingi alikuwa mfunga vidonda hospitalini, na alipostaafu hakuiacha kazi. Aliitoa wodini akaipakia kwenye karia ya baiskeli. Asili yake ilikuwa nyuma ya pwani, upande wa Kaloleni, na ilisikika katika namna alivyotamka baadhi ya maneno. Zaidi ya hapo sikuuliza. Mtaa wetu hupenda kujua mtu ni wa nani kabla haujampa kiti, lakini yeye aliingia vyumbani mwa watu, akashika nyayo za mama zao, bila mtu kumuuliza ukoo.

Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, aina ambayo ikiegemezwa ukutani huoni ni nani anayemtegemea mwenziwe. Kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na chumvi hula chuma, aliipaka mafuta ya nazi kila Jumamosi, kutoka usukani mpaka spoki. Mkewe alilalamika kwamba baiskeli inakula vizuri kuliko watu wa nyumbani. Nyuma yake palifungwa sanduku la mbao la rangi ya kijani, na ndani mlikuwa na chupa za maji ya chumvi yaliyochemshwa, shashi, pamba, bandeji, mikasi miwili na beseni dogo la chuma. Sanduku lile lilikuwa na upana sawasawa na usukani. Alimwagiza seremala hivyo makusudi. "Kichwa kikipita," alimwambia, "na kiuno kipite." Katika vichochoro vyetu, ambamo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi, hicho kilikuwa kipimo cha maisha.

Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, na suruali ya kaki iliyobanwa kwa kibanio cha nguo juu ya kifundo cha kulia isiumwe na mnyororo. Nimemwona bila miwani, nimemwona bila kofia. Bila kibanio kile sijamwona hata siku moja. Alikwenda nacho mpaka kwenye harusi.

Alikuwa akisema kwamba Mombasa ni miji miwili iliyopewa jina moja. Mmoja ni wa barabara, mwingine ni wa vichochoro, na baiskeli ndiyo kitu pekee kinachojua lugha ya yote miwili. Kila asubuhi alitoka kwake Majengo, akapita Mwembe Tayari, akakata barabara ya Digo, kisha akaingia kwetu. Aliyemwona Mwembe Tayari na kumwona tena Kibokoni nusu saa baadaye angeapa kwamba ni watu wawili.

Mwembe Tayari alikuwa mtu wa vita. Pale mabasi ya bara hurudi nyuma bila kutazama, wachuuzi wametandaza bidhaa mpaka lamini, na tuktuk hugeuka kama nzi. Wapanda baiskeli wengi hujibana ukingoni, karibu na mtaro, wakiomba Mungu. Dresa alishika katikati. Alisema anayejibana ukingoni amekwisha kubali kwamba barabara si yake, na dereva huisoma hiyo mgongoni mwake. Siku moja niliona basi likimjia kinyumenyume. Akalipiga ubavuni kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, kaa kando! Utakufa na hiyo mifupa yako!"

"Nikifa, nani atamfunga mamako kidonda?"

"Mamangu hana kidonda!"

"Anaye mtoto asiyetazama nyuma. Kitakuja."

Watu wa stendi walicheka, na dereva mwenyewe akacheka, akamsubiri apite.

Akishakata barabara ya Digo, alibadilika. Mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wa kazi yetu ni kuhesabu. Asubuhi moja nilimfuata kwa miguu na daftari mkononi. Kutoka barabara ya Digo mpaka chini ya dirisha letu, mwendo ambao kikombe cha kahawa hakijapoa, alishuka kwenye baiskeli mara tisa. Alishuka penye baraza lililokaliwa na wazee, akasukuma, akatoa salamu yake, "Sabalkheri, sabalkheri," na kupanda tena alipompita wa mwisho. Alishuka mbele ya mwanamke aliyebeba sinia kichwani. Alishuka mbele ya paka, ingawa hilo alilikana.

Na kengele hakuipiga hata mara moja. Kengele ilikuwa nzuri, inang'aa. Mwembe Tayari aliipiga kama mtu anayezima moto. Ndani ya vichochoro, kila alipofika pembeni, alisema kwa mdomo, "Hodi!" Aliyekuwa upande wa pili akajibu "Karibu," au "Ngoja, nina ndoo."

Nilimuuliza kwa nini.

"Kengele ni ya kumwambia mtu atoke," alisema. "Huku watu wako kwao. Hiki kichochoro ni ukumbi wao. Wewe ndiye unayepita ndani ya nyumba ya watu na magurudumu yako."

"Sasa si bora utembee tu? Kila hatua unashuka."

Alinitazama kama mtu anayetazama kidonda kilichofungwa vibaya.

"Nikitembea watanikalisha. Mtu wa miguu hana haraka. Akikataa kahawa, huyo ana kiburi. Wa baiskeli anashuka, anasalimu, anapanda, na kila mtu anaona ana safari. Hakuna anayekasirika. Nina wagonjwa kumi na mmoja. Kwa miguu ningefika kwa wanne, na tumbo limejaa kahawa."

Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote, na sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani baiskeli ni ya kumfikisha mtu upesi. Kumbe kwetu kazi yake kubwa ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka.

Mwendo wake ulikuwa na faida nyingine. Aliwaona waliokuwapo, na zaidi aliwaona wasiokuwapo. Kulikuwa na fundi cherehani mzee aliyekaa baraza lake miaka na miaka. Asubuhi mbili mfululizo Dresa akakuta nafasi yake tupu. Wenzake wakasema labda amekwenda kwa mwanawe. Dresa aliegemeza baiskeli, akapanda, akamkuta amelala na homa na mguu umevimba kama nguzo. Wapangaji wa chini walikuwa wamempita ngazini siku zote mbili.

Na madirishani pia aliitwa. Wagonjwa wake wengi walikuwa kina mama wa ghorofani wasioweza kushuka kufungua mlango. Waliteremsha kikapu kwa kamba, kile kile cha kununulia mboga, na ndani mna ufunguo. Wakati mwingine mlikuwa na ufunguo na kipande cha mkate wa sinia. Kichochoro chembamba hushika sauti kama kisima. Mama wa orofa ya tatu alimwita kwa sauti ya kumwita mtoto jikoni, naye akasikia. Wafanyabiashara fulani wa mtaa waliwahi kutaka kumnunulia pikipiki, wakiona huruma. Aliwashukuru, akawauliza, "Nikivaa kofia ya chuma, kikapu nitakisikia?" Maneno yakaishia hapo.

Alikuwa Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na sijaona mtu aliyejua saa za misikiti ya Mji wa Kale kama yeye. Alipanga njia zake kwa hizo. Hakukubali kupita mbele ya mlango wa msikiti watu wanapotoka; alishuka, akavua kofia, akangoja ukutani mpaka wa mwisho avae viatu. Kanisani kwake alichelewa mara kwa mara. Mchungaji akamtania mbele ya watu, kwamba saa za misikiti anazijua, ya ibada yake haijui. Akajibu, "Mchungaji, wao hutokea katika ndia yangu, njiani ninapopita. Ninyi mnatokea uwanjani, hamnizuii."

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na majivuno, na alikuwa mkali. Mama alikoma kula halua siku zile kwa sababu Dresa alimnyang'anya sahani mkononi, mbele ya wageni, akaimwaga. Hakuomba radhi. Wiki hiyo hiyo nilimkuta pembeni pa Makadara, amesimama na baiskeli yake, ameshika karatasi ya kaimati zinazochuruzika shira, mbili ziko mdomoni.

"Dresa!"

Alimeza kwanza. "Mimi naendesha baiskeli," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Chumvi nyingi, naendesha baiskeli. Usingizi mchache, naendesha baiskeli. Na hakupenda kushukuriwa, lakini alipenda sana kutazamwa. Ukimshukuru alikunja uso. Ukisimama umwangalie anavyokunja bandeji, kona juu ya kona bila mkunjo hata mmoja, alianza kuikunja polepole.

Fahari yake kubwa kuliko hata baiskeli ilikuwa mwandiko wake. Miaka ya kuandika daftari la wodi ilikuwa imempa herufi zilizosimama wima kama askari. Mtu wa mtaani akitaka barua iende ofisini, ilikuwa kwa Dresa. Na mwandiko huo ndio uliotaka kumpokonya mama mguu wake.

Ilianza na bodaboda. Barabara kubwa zilipozidi kujaa, waendesha pikipiki waligundua kwamba vichochoro vyetu vinakatiza, wakaanza kupita mbio, honi mkononi. Siku moja mmoja akamgonga muuza kahawa penye kona. Mkono ulivunjika, na kahawa ya moto ikammwagikia mguuni. Dresa ndiye aliyemhudumia. Jioni ile mtaa ulikutana barazani, na sijamwona mtu amekasirika kama yeye. Wakati huo mafundi walikuwa wakitandika matofali mapya ya kabro katika njia zetu. Tukaamua kuomba kwamba, maadamu wanachimba, wasimike nguzo za chuma katika milango ya vichochoro. Dresa akaandika barua. Aliisoma kwa sauti, na alipofika penye maneno "zizuie kila chombo chenye magurudumu, bila kubagua," tulipiga makofi. Akairudia ile "bila kubagua."

Hakuna hata mmoja wetu, katika watu karibu arobaini, aliyegeuka kuitazama baiskeli iliyoegemea ukuta nyuma ya mgongo wake.

Nguzo zilikuja upesi, jambo la ajabu lenyewe. Zilisimikwa mbili mbili mahali sita, za kimo cha kifua, zimekazwa kwa saruji. Mtu mwembamba alipita. Shekhe wetu mnene alipita ubavu, akisema bismillahi. Tulifurahi. Asubuhi iliyofuata nikiwa dirishani na mama tulisikia "Hodi!" ya pembeni, kisha kimya, kisha chuma kikigonga chuma.

Dresa alikuwa upande wa pili wa nguzo. Aliupinda usukani, gurudumu la mbele likapita. Sanduku likakwama. Akavuta, akasukuma, akatazama kushoto na kulia. Usukani unaupinda; sanduku la mbao halipindiki.

"Mguu upo?" akauliza kutoka pale pale.

"Upo," mama akasema. "Wewe upo?"

Alifungua kamba, akapitisha sanduku juu ya kichwa, akapitisha baiskeli, akafunga tena. Huo ulikuwa mlango wa kwanza katika milango sita. Siku ya pili aliiacha baiskeli kwa muuza matunda karibu na barabara ya Digo, akalibeba sanduku begani. Na yale aliyoniambia yakatimia. Alikuwa mtu wa miguu sasa. Kila baraza likamwambia pole, kila baraza likamkalisha, na asingeweza kumkatalia mzee kikombe. Kwetu alifika baada ya alasiri. Siku ya tatu goti lilikuwa limevimba, akafika jua linakaribia kuzama, na nilipofungua bandeji ya mama ili aanze kazi, harufu ilijaa chumba kizima.

Katika zile wiki sita zilikuwa zimebaki mbili. Nyama ilikuwa imeanza kufunga, nyekundu, nzuri. Sasa pembeni palikuwa na rangi ya kijivu. Dresa alisafisha. Alipomaliza alikaa sakafuni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaniambia, "Kesho mwite msimamizi wa kazi. Na wazee."

Tulikutana pale penye nguzo, chini ya dirisha la mama. Msimamizi alikuwa mtu wa bara, mstaarabu, mwenye faili kwapani. Alisikiliza malalamiko yote, kisha akafungua faili na kutoa karatasi.

"Wazee wangu, mimi nimefuata maombi. Hii barua ni ya nani?"

"Ni ya mtaa," shekhe akasema.

"Na huu mwandiko?"

 Mwandiko ule ulijulikana mpaka na watoto. Ningependa kuandika kwamba Dresa alijibu papo hapo, lakini haikuwa hivyo. Aliifuta miwani. Akaivaa. Aliishika barua ile muda mrefu, na nadhani hata wakati ule kulikuwa na sehemu yake iliyokuwa ikizisifu herufi.

"Mwandiko ni wangu," alisema mwisho. "Nimefunga vidonda maisha yangu yote, na hiki nimekichimba mwenyewe kwa kalamu. Naomba radhi kwa mtaa."

"Lakini ulisema kila chombo," msimamizi akasema, si kwa ukali. "Bila kubagua."

Shekhe akapandisha sauti. "Kwani ile baiskeli ni chombo? Sisi tulidhani ni Dresa!"

Watu wakacheka, ila Dresa. Mzee mmoja akauliza kama jeneza lilipimwa. Mwingine akamjibu kwamba jeneza litapita juu, wachukuzi ndio watakaokwama, na maiti atangoja. Msimamizi alianza kutokwa na jasho. Akasema yeye hapingi, lakini nguzo akizitanua baiskeli ipite, na pikipiki itapita, na wao hao hao watamwandikia barua nyingine.

Hapo ndipo mama alipoita. "Dresa! Tazama juu!"

Kikapu kilikuwa kikishuka kwa kamba, polepole, kikigonga ukuta. Ndani mlikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Mpe bwana msimamizi. Ni bandeji ya jana. Mwambie apime na hiyo."

Msimamizi alifunua kona moja ya gazeti, akaifunika. Akainua uso kuelekea dirishani. "Mama, pole sana."

"Pole yako nimeipokea, mwanangu. Sasa nataka shubiri moja ya ndia."

Tulimwita mwendesha bodaboda aliyekuwa akingoja abiria nje ya mtaa, akaja na pikipiki yake, akicheka, akidhani anapelekwa kwa hukumu. Fundi akakata kipande cha ubao upana wa sanduku la Dresa, akaongeza vidole viwili. Kikawekwa juu ya usukani wa pikipiki mbele ya macho ya wote. Pikipiki ilizidi kwa shubiri nzima, mbali na vioo. Msimamizi akakirudia kipimo mwenyewe mara mbili. Kisha akakiweka kile kipande cha ubao ndani ya faili, pamoja na barua, akasema mafundi wataanza kuchimba baada ya adhuhuri.

Walianza na kichochoro chetu. Mwendesha bodaboda alijaribu kupita kabla saruji haijakauka, akakwama kwa usukani, na kelele za furaha zilizopigwa siku ile zilisikika mpaka bandarini. Asubuhi iliyofuata Dresa akafika kwa wakati wake, akapita, usukani kwanza, sanduku baadaye. Kichwa kikapita na kiuno kikapita.

Wiki mbili zile alikuja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na hakutaka kuulizwa kwa nini. Hospitali walipouangalia mguu, walimwita daktari mwingine auone. Kidole kidogo kilikwenda. Hicho hakikuweza kuokolewa. Mguu ulibaki. Mama husema alipeleka miguu miwili na akarudi na miguu miwili, na kidole ni zaka.

Nguzo zile zingalipo, mahali sita. Wageni wanaokuja kutazama milango yetu ya nakshi huzipita bila kuziangalia. Wakiniuliza ni nini, huwaambia ni za kuzuia pikipiki. Lakini watu wa mtaa wakizitaja hawasemi nguzo. Husema, "Nimekuacha pale penye Dresa." Nimeandika habari za barabara nyingi katika mji huu, zimepewa majina ya wakubwa na vibao virefu. Sijui ni mkubwa gani ambaye upana wake wenyewe umesimikwa ardhini kwa saruji, ukaachwa wazi ili wengine wapite.

Miaka imepita. Goti lile halikupona vizuri, na jicho moja likaingia ukungu. Wagonjwa wake sasa wanahudumiwa na muuguzi wa kike, mzaliwa wa Kibokoni, ambaye Dresa alimfundisha mwenyewe kukunja bandeji. Yeye pia huja na baiskeli, buibui amelikusanya vizuri lisiguse mnyororo, na nyuma ana sanduku jipya, kipimo kile kile.

Mwezi uliopita nilikuwa na mama sebuleni tuliposikia "Hodi!" pembeni. Sauti ilikuwa imepungua, lakini hapakuwa na wa kuikosea. Nilitangulia dirishani. Dresa alikuwa akija kwa miguu, ameishika baiskeli kwa mikono yote miwili, na baiskeli ndiyo iliyokuwa ikimsindikiza. Kibanio kilikuwa juu ya kifundo, ingawa hapakuwa na hatari ya mnyororo. Alipofika penye nguzo hakupunguza mwendo wala kutazama kando. Usukani ulipita katikati, kidole huku na kidole huku.

Mama aliinuka kitini, akatembea mwenyewe mpaka dirishani. Safari hii hakumngoja aulize.

"Dresa! Miguu ipo?"

Aliinua uso. Akaitazama miguu yake, kisha akayatazama magurudumu.

"Ipo minne, Bi Mkubwa. Miwili imechoka, miwili bado."

"Basi kaa, naleta kahawa. Na tende moja. Moja!"

"Lakini mimi naen—"

"Yeo huendeshi," mama akamkata. "Yeo wasukuma. Tende ni moja."

Nilishuka na birika nikitegemea kumkuta amesimama, mguu juu ya pedeli, tayari na udhuru wake. Alikuwa amekwisha egemeza baiskeli. Alikuwa amekaa barazani kwetu, mgongo ukutani, fimbo hana, mikono juu ya magoti. Miaka yote ile sikuwa nimemwona akikaa juu ya baraza la mtu kwa hiari yake. Nilimmiminia. Akanywa bila haraka, kama mtu wa miguu.

Hakuwa amemaliza kikombe cha kwanza tuliposikia hodi nyingine, ya sauti ya kike. Yule muuguzi alikunja kona, sanduku nyuma, mwendo wa mtu mwenye wagonjwa wengi mbele yake. Alimwona mzee amekaa barazani. Akabana breki, akashuka, akaisukuma baiskeli mpaka mbele yetu, akasimama.

"Shikamoo, Dresa."

Dresa aliweka kikombe chini. Akaitazama baiskeli ile, akaitazama kamba ya sanduku kama imekazwa vyema, akamtazama yeye.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Panda. Una safari."